Mngurumo wa Amplifaya ya Desmond

Avril Shorrock haketi mahali kabla hajaangalia soketi. Mkaribishe chai, utaona macho yake yanaanzia kwenye birika la umeme, yanafuata waya mpaka ukutani, ndipo yanapokuja kwako kukujulia hali. Mimi na yeye tulisoma darasa moja, kwa hiyo nimezoea. Lakini ile Krismasi alipozichomoa taa za mti wangu mbele ya wageni na kuzitupa kwenye pipa la taka, sikumsemesha mpaka Februari. Hakuniomba radhi. Aliniletea taa mpya na keki ya matunda, akasimama mlangoni kwangu kwenye mvua, na mimi mbele ya keki sina ujanja.

Hapa Morecambe, mji wetu wa pwani ya Uingereza, hakuna mtu wa jukwaani asiyemjua. Waimbaji, wapiga gitaa, wachekeshaji, yule bwana anayeongea na mdoli wake, madijei wa harusini, wote hupita kwenye meza yake, kwa sababu kumbi za siku hizi hazimruhusu mtu kuchomeka hata kikaushio cha nywele bila stika yake ya kijani. Watu wa bima ndio walioanza kuidai hiyo stika, lakini ukimwona Avril kazini utadhani ni yeye aliyeitunga. Huchomeka kitu kwenye kisanduku chake cha kupimia, husoma namba, halafu huuvuta waya wote polepole kati ya vidole, kama mtu anayetafuta miiba kwenye samaki. Mwisho hufungua plagi. Anasema wanamuziki huficha dhambi zao kwenye plagi. Ameshakuta fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya chokoleti. Ameshakuta waya uliofungwa kwa plasta ya kidonda.

"Avril, mpenzi, ni kitaa cha disko tu hiki," kijana mmoja alimlilia mbele yangu.

"Na jeneza ni sanduku tu, mpenzi. Katafute kingine."

Kati ya dhambi zote hizo kuna moja ambayo akiikuta hasemi neno. Hurudisha kifaa chote kwa mwenyewe, anavaa koti, anaondoka. Ni ile ya waya wa tatu.

Plagi zetu zina nyaya tatu, mnazijua. Mbili zinafanya kazi. Wa tatu, wa kijani wenye mstari wa njano, umekaa tu, miaka nenda rudi, unasubiri siku umeme utakapopotea njia na kuingia kwenye bati la mashine au nyuzi za gitaa. Siku hiyo waya huo huuchukua umeme ukaupeleka ardhini, usipite kwa mtu. Sasa, una tabia moja ambayo wanamuziki hawaivumilii. Unganisha vyombo viwili kwenye spika za ukumbi mmoja, na mara nyingi vinaanza kunguruma. Mmmmm, bila kukoma, chini ya wimbo wako mzuri. Ukiufungua waya wa tatu ukaukunja pembeni, mngurumo unakatika papo hapo. Wazee wetu wa jukwaani wote walifanya hivyo. Lilikuwa jambo la kawaida kama kukaza nyuzi.

Desmond alikuwa kaka yake Avril, mkubwa kwake kwa mwaka mmoja, mrefu, mwenye meno yaliyopandana, na alipokuchekea ulijisikia umependwa. Alipiga gitaa na kuimba kwenye bendi moja na Neville Shorrock. Kiangazi cha mwaka sabini na nne, wakifanya mazoezi mchana kwenye ukumbi wa wageni wa kando ya bahari, Desmond alishika nyuzi kwa mkono mmoja, akaishika maikrofoni kwa mwingine ili aseme moja, mbili. Alifika kwenye moja. Umeme ulipita kwake kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye maikrofoni, na mkono haukuachia tena. Walipofungua plagi ya amplifaya yake waliukuta waya wa tatu umekunjwa pembeni.

Nani aliufungua? Baraza la uchunguzi lilisema ni ajali. Kwenye bendi walibaki watu watatu, na kila mmoja alisema hajui. Mmoja alihamia Australia, mwingine alishakufa kwa ini. Wa tatu ndiye Neville, na Avril aliolewa naye.

Nilimwuliza siku ya harusi yao, tena kwenye chumba cha kuvalia, nikimfunga vifungo vya gauni: "Umeshamwuliza?"

"Kumwuliza nini?"

"Avril, unajua nini."

"Vuta tumbo, Thelma, unanibana," akasema, na mwenye tumbo la kuvutwa alikuwa yeye. Nilikuwa nimekasirika, na bado nakasirika nikikumbuka, kwa sababu nilijua kwamba swali asilouliza siku ile atalala nalo kitanda kimoja maisha yake yote.

Wakati ule kazi yake ilikuwa kukatwa vipande viwili. Kila jioni ya kiangazi, Profesa Zoltan, mfanya mazingaombwe ambaye jina lake la nyumbani lilikuwa Ernest na aliogopa sungura wake mwenyewe, alimlaza Avril kwenye sanduku akampitisha msumeno. Baada ya mazishi ya Desmond, Avril alianza kuzikagua taa za sanduku lile kabla hajaingia. Ernest akamcheka. Kisha akaona wacheza dansi nao wanamletea vioo vyao vyenye taa, pasi zao, redio zao: "Avril, niangalizie." Akaenda kusoma shule ya ufundi, mwanamke peke yake kati ya wanaume waliomwita mrembo mpaka matokeo yalipotoka. Hivyo ndivyo alivyoianza kazi yake.

Neville naye alikuwa akigawa maziwa asubuhi na kuimba mwisho wa wiki, kwa jina la Rex Delmar, shati limefunguliwa mpaka kitovuni. Ni mtu mpole. Nilijaribu kumchukia, ikanishinda. Alimpikia Avril, alimpelekea chai kitandani, na vyombo vyake alimpa vyote avipime kabla hajaombwa. Hawakujaliwa watoto. Kwenye chumba cha wageni, chini ya blanketi alilofuma mama yake, Avril aliiweka amplifaya ya Desmond, na hakuna aliyeigusa kwa miaka arobaini.

Halafu koo la Neville likaanza kukwaruza. Tulidhani ni mafua. Ikaja kuwa ile isiyotajwa, uvimbe kooni, na madaktari wakapanga kumfanyia upasuaji siku ya Alhamisi. Walimwambia wazi kwamba sauti itaondoka na ugonjwa.

Ndipo Neville akaomba kuimba mara ya mwisho kwenye klabu yetu ya mtaa, mchana wa Jumapili ya kabla ya upasuaji, wimbo aliotunga Desmond. Na akaomba auimbe kwa amplifaya ya Desmond.

Avril alikuja kwangu, akakaa bila kuvua koti lake. "Nimwambie nini, Thelma?"

"Mwambie hapana."

"Ana siku za kuhesabu za kuwa na sauti. Nimwambie hapana?"

Kwa wiki nzima aliifungua amplifaya ile mezani jikoni. Alibadilisha waya, akabadilisha plagi, akabadilisha vitu vya ndani ambavyo sivijui hata kwa jina. Akaipima, ikapita. Akaipima tena baada ya kuiacha ipate moto, ikapita. Neville aliniambia usingizi ulikuwa umemhama mkewe, anaamka anashuka ngazi na nguo ya kulalia, anaikagua plagi ile ile aliyoifunga mwenyewe. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu alikuwa amemleta nyoka mwenyewe jikoni. Ijumaa akabandika stika ya kijani. Niliiona, ilikuwa imepinda, yeye ambaye stika zake zote hunyooka.

Jumapili mchana klabu ilijaa. Nyumbani nyama ilikuwa kwenye oveni, na huku wanaume walikuwa na bia zao, wanawake na kalamu zao za bingo, na mezani bahati nasibu ya nyama ikingoja mshindi wake: mguu wa kondoo na soseji. Ratiba yetu haijabadilika tangu enzi za baba yangu. Anaanza msanii, inafuata bingo, halafu msanii tena, kisha watu wanakwenda kula. Siku hiyo alianza mchekeshaji kutoka Burnley, ambaye hakumchekesha mtu. Bingo naisoma mimi, Thelma Ogle, na sitaki mzaha kwenye bingo yangu. Namba zinaposomwa hakuna kuongea, hakuna kutembea, hakuna kuagiza bia. Hata dirisha la jikoni hufungwa. Mwaka mmoja mzee alizirai katikati ya mchezo, na watu walingoja mpaka nyumba ijae, yaani mtu apate namba zake zote, ndipo wakaita gari la wagonjwa. Mzee mwenyewe alipopata nafuu alisema tulifanya vizuri.

Neville aliipanga amplifaya nyuma yangu jukwaani mapema, kwa sababu mashine za zamani za valvu, zile taa za kioo za ndani, sharti zipate moto. Na mara tu alipoiunganisha na spika za ukumbi, ikaanza. Mmmmm.

"Ni nini hicho, nyuki?" akapiga kelele bibi mmoja wa mbele. "Thelma, sitasikia namba!"

"Ndivyo inavyotakiwa," Avril akasema kutoka pembeni. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga. "Ikinguruma ujue waya upo. Iacheni."

"Avril, kipenzi, ni kelele," nikamwambia.

"Thelma. Iacheni."

Nikasema sawa. Neville akaenda chooni kusukutua koo kwa maji ya chumvi. Avril akasema hawezi kukaa kutazama, bora akasaidie pai na njegere jikoni. Nikaona mkono wake umeshika ukuta akienda.

Hapo ndipo alipoingia Wilf Pilling. Wilf ni mpiga kinanda wetu wa klabu, mzee wa suti ya kijivu, mwema, mwepesi wa kusaidia hata asipoombwa, na hilo ndilo tatizo lake. "Niachie mimi," akaniambia, akaenda nyuma ya jukwaa na kisu cha siagi mkononi. Nilimwona mgongo tu. Nilikuwa napanga mipira ya namba. Baada ya muda kidogo ukumbi ukawa kimya, kimya kizuri, na mimi nikashukuru. Nikasema moyoni, Wilf naye leo amefaa. Basi. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Neville akarudi, akakaa kwenye kiti chake cha mbao nyuma yangu, raba miguuni kwa ajili ya magoti, akaweka gitaa mapajani. Akasikia kimya. Alidhani mkewe amelitatua jambo, kwani nani mwingine? Nikaanza kusoma.

Mnajua inavyokuwa, kila namba ina jina lake la utani. "Miguu, kumi na moja!" na wanaume wote wanapiga mluzi. "Bata wawili wanene, ishirini na mbili!" na wanawake wanalia kwaa, kwaa. Kisha kimya tena, kalamu tu zinasikika. Nilikuwa kwenye mchezo wa mwisho, ule wa zawadi kubwa, watu wamebakiwa na namba mojamoja, jasho linawatoka.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Avril akasimama hapo na aproni, kitambaa cha sahani mkononi.

Baadaye aliniambia alivyokuwa akipanga sahani huku anasikiliza kupitia ukuta. Aliisikia sauti yangu. Akaisikiliza chini ya sauti yangu, akitafuta ule mngurumo, hakuupata. Akafungua mlango akamwona mumewe amekaa na nyuzi mkononi, mkono wa pili unasubiri, na mimi nimeishika maikrofoni ambayo nitampa. Maana ndivyo tunavyofanya. Nyumba ikijaa, msoma namba anamgeukia msanii, anamtupia utani mmoja, anampa maikrofoni mkono kwa mkono. Hatuna nyingine.

Na Avril hakupiga kelele. Mtaona ajabu, lakini sisi tuliozaliwa humu hatuoni ajabu. Alifungua mdomo, na sauti haikutoka, kwa sababu bingo ilikuwa inasomwa. Miaka yote tangu alipokuwa mtoto chini ya meza ya baba yake alifundishwa kwamba hapo husemi, nyumba iungue husemi. Nilimwona. Nikadhani anataka kulia kwa ajili ya wimbo. Nikamkazia macho nikimwambia kwa macho, rudi ndani wewe, bado. Nikasoma namba nyingine. Alipiga hatua moja. Bwana mmoja akamwambia "Sssh!" na Avril akasimama, Mungu wangu, akasimama kweli.

"Nyumba!" akapiga kelele yule bibi wa mbele.

Ukumbi ukapumua. Mimi nikageuka na tabasamu langu la kazi. "Mabibi na mabwana, mwanamume ambaye vifungo vyake vya shati havijawahi kukutana—" na nikanyoosha mkono. Neville akanyoosha wake. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala juu ya nyuzi.

"THELMA! ITUPE CHINI!"

Sijui kama niliitupa au iliniponyoka. Iligonga mbao na spika zote zikapiga kishindo, watu wakashika masikio.

"Neville, usishike kitu! Usimguse mtu! Mtu yeyote asimguse!" Avril alikuwa anakuja kati ya meza, akizisukuma, bia za watu zinamwagika, na hakuna aliyenung'unika. Akapanda jukwaani kwa magoti, akapita nyuma, nikasikia swichi ya ukutani. Tak.

Akarudi na plagi mkononi, amechuchumaa, bisibisi ameitoa kwenye mfuko wa aproni. Skrubu moja ikaanguka ikabingirika. Akafungua kifuniko. Waya wa kijani na njano ulikuwa umekunjwa pembeni, umetulia, kama mdudu aliyelala.

Niliona na mimi. Nilihisi baridi kuanzia kwenye kiganja kile kilichokuwa kimeshika maikrofoni mpaka begani.

Avril akamtazama mumewe. Akamwuliza, bila kupaza sauti: "Ni wewe?"

"Leo si mimi," Neville akasema.

Maikrofoni ilikuwa sakafuni, bado imewashwa. Ukumbi mzima ulisikia. Ukumbi mzima, wenye watu waliombeba Desmond, waliolia pale makaburini, ulilisikia hilo neno leo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Neville mwenyewe alilisikia likirudi kwake kutoka kwenye spika. Aliufunika mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Miaka arobaini alikuwa amelimeza, na limemtoka akijitetea.

"Ni mimi, Avril," Wilf akasema kutoka kwenye kinanda. Alikuwa amesimama, kisu cha siagi bado kwenye mfuko wa suti. "Kelele zilikuwa zinawaudhi watu. Nilidhani nasaidia. Zamani si wote tulikuwa—"

"Zamani," Avril akasema.

Wilf akakaa chini. Alianza kulia, mzee yule, na mkewe akaenda kumshika bega.

Avril hakumwambia lolote Neville. Alimwondolea gitaa mapajani, akalilaza sakafuni. Akaifunga plagi vilevile ilivyo, waya ukiwa umekunjwa, akaichomeka, akasubiri mashine ipate moto. Akachukua testa yake, ile bisibisi yenye kitaa ndani, akagusa nyuzi za gitaa. Kitaa kikawaka chekundu, hafifu. Wa meza za mbele wote walikiona. Kama ni umeme wa kuua au wa kumshtua mtu tu, hakusema, na mimi sijamwuliza mpaka leo.

Akazima. Akafungua plagi tena, akaurudisha waya wa tatu mahali pake, akakaza skrubu, akauvuta kuona kama umeshika. Akaiwasha. Akagusa kwa testa, kitaa hakikuwaka. Na polepole, valvu zilipopata moto, ukaja. Mmmmm. Hakuna bibi aliyelalamikia nyuki.

Nilidhani amemaliza. Lakini akafanya jambo ambalo angemfukuza mtu yeyote kwenye chumba chake kwa kulifanya. Alilinyanyua gitaa la Neville, akalivaa shingoni juu ya aproni yenye unga. Akaweka mkono wa kushoto juu ya nyuzi, zote sita, akazikandamiza. Kisha akainama kuifuata maikrofoni.

"Avril!" nikasema. Neville akainuka kitini. "Mama, usifanye hivyo. Nakuomba, mama."

Akaishika. Akaibana kiganjani kwa vidole vyote, kama Desmond. Alifumba macho.

"Moja," akasema kwenye maikrofoni.

Mngurumo ukaendelea.

"Mbili."

Akafungua macho. Akalivua gitaa, akamvalisha mumewe, akamrekebishia mkanda begani alivyomrekebishia miaka yote. Akampa maikrofoni mkono kwa mkono. Alikuwa analia sasa, waziwazi, hajifuti.

"Imba," akamwambia. "Nimekwambia imba."

Akaimba. Sitadanganya kwamba aliimba vizuri. Sauti ilikuwa imekwaruzika, sehemu za juu alizikwepa, na mara mbili alikatika kabisa, ikabaki mashine ikinguruma peke yake mpaka alipoweza kuendelea. Avril alikaa chini pembeni ya jukwaa, kichwa kimeegemea ubavu wa amplifaya. Hakuwa anamwangalia. Wimbo ulipokwisha watu hawakupiga makofi mara moja, kwa sababu hatukujua ni haki kumpigia makofi nani. Kisha yule bibi wa mbele akaanza, wote tukafuata. Pai zilikuwa zimepoa, tukazila hivyo hivyo.

Jumatatu nilimpigia simu Avril, haikupokelewa. Jumanne vilevile. Nilikuwa na wasiwasi wa kila namna. Kichwani nilimwona amefunga virago, nilimwona Neville anakwenda hospitali peke yake na kimfuko chake. Wengine pale klabu walishaanza kusema atamwacha mumewe, wengine wakasema mwenye kusamehe hilo hana damu ya ndugu. Nikawaambia wafunge midomo yao, tena kwa maneno mabaya zaidi ya hayo.

Jumatano nikaoka keki ya matunda, maana ndiyo lugha yetu, nikaenda. Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana. Niligonga muda mrefu. Avril akafungua mlango kidogo. Macho yalikuwa yamevimba, nywele hazijachanwa, na vikombe vya chai nilivyoviona nyuma yake kwenye ngazi vilikuwa vingi kuliko nilivyodhani wanavyo. Kutoka sebuleni nilimsikia Neville. Alikuwa anaongea kwa ile sauti yake iliyobaki, taratibu, bila kupumzika, na nililishika neno moja tu, "plagi," kisha akakohoa, kisha akaendelea. Chini ya sauti yake amplifaya ilikuwa inanguruma.

"Avril, uko salama?" nikamwuliza. "Nikusaidie nini?"

Akaipokea keki.

"Njoo Ijumaa, Thelma," akasema. "Anayo sauti mpaka kesho asubuhi, na mimi bado nina maswali."